Dawa inayosubiri mwanga

Leo nimekesha na makala za dendrima, molekuli zenye matawi kama mti zinazoweza kubeba dawa, na mawazo yote yananirudisha kwa mdogo wangu. Ana ualbino. Akienda kliniki ya ngozi hapa Moshi, vigamba vilivyoletwa na jua hugandishwa kwa naitrojeni kabla havijawa saratani. Ngozi inakuwa nyeupe pee, halafu inavimba na kutunga lengelenge. Halalamiki; anakaza taya tu, nami namshika mkono.

Ndiyo maana tiba ya mwanga imenikaa moyoni. Mgonjwa anapakwa asidi ya aminolevuliniki, yaani ALA. Seli huigeuza kuwa protopofirini, aina ya pofirini inayoamshwa na mwanga, na zile zilizoharibika hukusanya nyingi zaidi. Zikimulikwa taa nyekundu au ya buluu, oksijeni iliyomo hugeuka kuwa sumu na kuziua. Marekani waliidhinisha tiba hiyo mwaka 1999. Tatizo ni kwamba ALA hupenda maji, na tabaka la juu la ngozi lina mafuta. Inapenya kwa shida.

Dendrima ni molekuli inayochipua matawi kutoka kwenye kiini, kila ncha ikigawanyika tena. Dendrima aina ya PAMAM, ambazo Donald Tomalia na wenzake walizieleza mwaka 1985, huanza na ncha 4, zikafika 64 kizazi cha nne, na upana wake haufiki hata nanomita 5. Watafiti wa Uingereza walipachika ALA 18 kwenye dendrima moja, na vimeng'enya vya seli huzikata kidogo kidogo. Kwenye panya, pofirini iliyotokana na ALA tupu ilifika kilele baada ya saa 3 hadi 4. Ile ya dendrima iliendelea kutoa pofirini kwa zaidi ya saa 24.

Matokeo mazuri sana, lakini namfikiria mdogo wangu. Kitu kinachozidi dalton 500 (kipimo cha uzito wa molekuli) hupita kwenye ngozi kwa taabu. ALA ina 131, na 18 kwa pamoja zinavuka 2,000 hata kabla ya kuhesabu kiini. Tena pofirini ikikaa muda mrefu, naye atakaa ndani muda mrefu akilikwepa jua, na jua la huku halimsubiri mtu apone.

Mimi matumaini yangu nayaweka kwenye dendrima ndogo, kama zile za ALA 6: zishushe mzigo, zitoke. Na majaribio yake yafanywe pia kwenye ngozi isiyo na melanini, kwa watu wanaoishi chini ya jua hili.