Mbegu za Nyanya Kando ya Mafiga

Njombe, Agosti 6, usiku

Asubuhi nimefunua gunia lililofunika trei, nikapiga magoti palepale jikoni. Nyanya zimeota! Vishina vimejipinda kama ndoano, vingine bado vimevaa ganda la mbegu kichwani. Siku ya nane tu.

Mwanzoni mwa Julai nilisia mbegu hizihizi nje kitaluni. Nikamwagilia wiki tatu nzima, nikaotesha magugu. Asubuhi moja nikakuta sakitu, ule umande ulioganda, imetanda kwenye nyasi, nyeupe kama chumvi. Nilipochokoa kwa kijiti, mbegu zilikuwa zimeoza. Nikamlaumu muuza mbegu. Mama mkwe akaniuliza neno moja: "Mwanangu, udongo wenyewe umeugusa?" Nikachomeka kidole. Baridi ya maji ya mtungini.

Mbegu ya nyanya inataka udongo wenye nyuzijoto 20 hadi 30 ili iote vizuri. Chini ya 10 inalala tu, na ikilala kwenye unyevu inaoza. Mimi nilikuwa nahesabu tarehe. Kumbe joto lilikuwepo ndani ya nyumba, kando ya mafiga, ambako mama hupikia maharage tangu alasiri.

Mtu wa Dar atauliza haraka ya nini. Huku kwetu mvua zikishika, zinakuja na ugonjwa wa bakajani chelewa. Mwaka jana Jumatatu niliona madoa machache ya kahawia kwenye majani, mwisho wa wiki shamba zima lilikuwa kama limebabuliwa na moto, na matunda bado mabichi. Nililia. Ada ya mtoto ilikuwa mle. Miche hii ikikaa wiki tano au sita, nitaihamishia shambani katikati ya Septemba, nipate michumo ya mwanzo kabla Desemba haijakolea.

Sasa kazi ni mwanga. Mche ukiachwa gizani unarefuka na kulegea kama uzi. Kwa hiyo mchana trei inakaa uani chini ya nailoni, nimeacha upenyo wa hewa, maana unyevu ukijifungia humo ugonjwa wa kinyausi hukata miche shingoni. Jioni inarudi ndani.

Leo nilichelewa kutoka shamba la viazi, nikaja mbio jua limeshazama. Uani hakuna kitu. Nikaingia jikoni: mama ameshaiingiza trei, kasogeza chungu chake pembeni, na gunia kaliweka juu.