Gabari ya defonsezi: kusawazisha ukingo wa libuyu bila kuchubua multipleksi

Meza za kusomea ninazotengeneza hapa Goma ni za multipleksi (mbao za tabaka zilizogandishwa) ya milimita 18. Pembeni nazibandika fito za libuyu, mbao nyekundu ya misitu ya Ituri, unene milimita 8. Ufito nauacha uchomoze juu ya uso wa meza kwa kama milimita moja, na kuiondoa hiyo milimita ndiyo kazi. Ngozi ya juu ya multipleksi ni nyembamba sana: randa ikiyumba kidogo imeshaichubua, na vanishi haifichi kitu.

Kwa hiyo nimeunda gabari, yaani kiunzi cha kuongoza mashine. Ni vibao viwili vya milimita 12. Cha juu kinabeba defonsezi, mashine ya mkono ya kuchonga mbao. Nimevua soli yake ya plastiki, nikaifunga mashine kwenye kibao kwa skrubu ndefu zaidi, za uzi uleule. Cha chini ni kifupi, kimegandishwa kwa kola nyeupe (gundi ya mbao), na kinaishia karibu kabisa na tundu la meshi, kisu cha mashine kinachozunguka. Upande mmoja unateleza juu ya meza, upande wenye mashine unaelea juu ya ufito. Mkiani nimeweka mpini wa kukandamizia, maana uzito wote umeelemea mbele.

Ninachokipenda zaidi ni kwamba kipimo kinatoka kwenye meza yenyewe. Benchi langu limesimama juu ya lava ya volkeno ya Nyiragongo ya 2002, na kuliweka levo, yaani sawa bila kuinama, ni vita. Gabari haijali hilo, inafuata uso iliokalia.

Meshi ni ya kunyooka, kipenyo milimita 16, ili ufito wote uliwe kwa pito moja. Kuipima: chomoa plagi, weka gabari juu ya kioo, tandika karatasi moja chini ya meshi, kisha ishushe mpaka iiguse karatasi. Unene huo wa karatasi unaobaki juu ya ufito unamalizwa na msasa laini.

Kola iliyovuja ikwangue yote kabla ya kuanza. Tone moja lililokauka chini ya kibao linainua gabari na ukingo unatoka na mawimbi. Vumbi vilevile, fagia.

Mwendo: ukingo ukiwa mbele yako, toka kulia kwenda kushoto. Ukitazama kutoka juu, meshi inazunguka kama mishale ya saa, hivyo meno ya mbele yanakata kuelekea ndani ya meza na nyuzi za ukingoni hazipasuki. Mashine itataka kukujia, kandamiza mpini.

Jana yaya, yaani ndugu yangu mkubwa, ambaye ni fundi wa siku nyingi, alipitisha kucha kwenye maungio akauliza, “Umepiga randa gani hapa?” Nikamwonyesha gabari, akaomba vipimo vyake.

Rafu za kabati ndizo zinafuata. Ni nyembamba, na kibao cha chini kinakosa pa kukaa vizuri, kwa hiyo nitabana rafu mbili sambamba ili kipate uwanja.