Tusome Dodoso la SDQ Zaidi ya Jumla ya Alama

Kwa sisi tunaotoa ushauri nasaha shuleni, dodoso la SDQ (Strengths and Difficulties Questionnaire, yaani dodoso la uwezo na matatizo) ni msaada mkubwa katika kutambua matatizo ya kihisia na kitabia kwa watoto na vijana, lakini mara nyingi naliona likisomwa kwa haraka mno, kana kwamba jumla ya alama ndiyo hali yenyewe ya mtoto. Jumla hiyo hutuonyesha nani anahitaji kuangaliwa kwa karibu. Ugonjwa hauthibitishwi nayo.

Dodoso hili lilitungwa na Robert Goodman, daktari wa magonjwa ya akili ya watoto nchini Uingereza, na likachapishwa mwaka 1997. Lina kauli 25 katika mafungu matano: hisia, mwenendo, kukosa utulivu na umakini, uhusiano na wenzake, na moyo wa kuwajali wengine. Kila kauli hujibiwa kwa si kweli, kweli kiasi au kweli kabisa, na hupewa alama 0 hadi 2. Fungu la kuwajali wengine haliingii katika jumla, kwa hiyo alama za juu kabisa ni 40. Baadhi ya kauli huhesabiwa kinyume, kama ile inayosema kwamba mtoto ana angalau rafiki mmoja wa kweli, na anayejumlisha bila kuzingatia hilo humbebesha mtoto alama zisizo zake.

Mzazi na mwalimu hujaza kila mmoja fomu yake, na mtoto akifika miaka 11 hujijazia mwenyewe. Majibu yao yanapotofautiana, wapo wanaodhani mmoja wao amekosea, nami siafikiani nao hata kidogo. Mwalimu mwenye wanafunzi 70 darasani huwakumbuka kwanza wanaopigana na wanaotoroka vipindi, ilhali anayeumia kimyakimya, anayeandika vizuri na kuitika akiitwa, humpita machoni. Nakumbuka msichana wa darasa la sita ambaye mwalimu wake alimpa alama 1 katika fungu la hisia, naye mwenyewe akajipa 8 kati ya 10. Kwenye kauli ya maumivu ya kichwa na tumbo, mama yake aliweka kweli kabisa, kisha akanieleza kwamba tumbo humshika binti asubuhi za siku za shule, lakini Jumamosi huamka mzima na kucheza na wadogo zake. Mazungumzo yetu yalianzia hapo, kwenye tofauti kati ya fomu hizo.

Jambo jingine linalonitia wasiwasi ni mipaka ya alama. Katika fomu ya mzazi, jumla ya 17 na kuendelea huhesabiwa kuwa ya juu, lakini mpaka huo uliwekwa kwa kuangalia watoto wa Uingereza, kwa namna ambayo takriban asilimia 80 yao wangeonekana wa kawaida, asilimia 10 wawe mpakani na asilimia 10 wawe juu. Kuuchukua ulivyo na kuutumia kwa watoto wetu, wanaolelewa na kukaripiwa kwa namna nyingine, ni kudhania jambo ambalo linapaswa kupimwa kwanza. Huko Kilifi, pwani ya Kenya, watafiti walifanya upimaji wa aina hiyo kwa CBCL, dodoso refu zaidi la Thomas Achenbach wa Marekani, kwa watoto wadogo, na ningependa kuona kazi kama hiyo ikifanywa katika mikoa mingi zaidi.

Mwisho, kuna ukurasa wa nyongeza ambao wengi huuruka kwa sababu ya haraka. Huuliza kama mtoto ana shida, imedumu muda gani, inamtaabisha kiasi gani, na kama inaharibu maisha yake nyumbani, masomo yake na urafiki wake. Watoto wawili wanaweza kuwa na alama 18 kila mmoja, mmoja akiendelea vizuri na masomo na michezo, mwingine akiwa hajakanyaga shuleni kwa wiki kadhaa. Huyo wa pili ndiye ninayempeleka kwa mtaalamu kwanza, na ukurasa huo ndio unaonionyesha ni yupi.