Pete za mti wa yuu
Leo nimeshika kipande cha mti ambao nimeutamani miaka: yuu, Taxus baccata, mti wa pinde ndefu za Waingereza wa kale. Rangi yake ya chungwa iliyoiva ilinivutia, lakini rangi hudanganya. Ili nihakikishe ni yuu kweli, nikageuza kichwa cha ubao, pale msumeno ulipokata nyuzi, nikakiparua kwa wembe mpya (msasa huziba kila kitu kwa vumbi), nikaweka lenzi ya kukuza mara 10.

Jamani, utulivu ule! Hakuna vitundu kama vya mninga, maana jamii hii, ile ya misonobari na mitarakwa, haina mishipa mikubwa ya maji. Pete za ukuaji wa kila mwaka zimebanana, na weusi wa mwisho wa kila pete unaingia polepole, hauruki. Nikatafuta mifereji ya utomvu, ile midoa ya msonobari. Sikuona hata mmoja! Nikanusa: hakuna harufu ya mtarakwa, ambao nao hauna mifereji. Pembeni, ukanda mwembamba mweupe, kisha kiini, mbao ya ndani ya rangi ya chungwa, ghafla.

Ila vaeni barakoa mnapoupiga msasa. Vumbi lake lina sumu.

Bado natamani hadubini, nizione zile nyuzi zilizojiviringisha kama springi ndani ya seli zake.