Mama wa dagaa aliniuliza kama nachangiwa, nikafungua simu

Asasi yetu iko hapa Mwanza na kazi yetu ni sera ya hifadhi ya jamii, kwa maneno ya kawaida tunahangaika ili mvuvi na mama wa dagaa na kijana wa bodaboda nao wazeeke wakiwa na kitu kinaingia kila mwezi kama mstaafu wa ofisini. Jina lake silitaji. Tulikuwa watu tisa: mkurugenzi, mhasibu, maafisa programu wanne mimi nikiwa mmoja wao, dereva, dada wa usafi na mzee wa getini. Nataka nieleze jinsi tulivyotoka kwenye shimo ambalo sisi wenyewe tulikuwa ndani yake bila kujua, maana naamini ziko asasi nyingi zimekaa hivo hivo.

Siku yenyewe tulikuwa Mwaloni pale Kirumba, asubuhi, dagaa wameanikwa kila mahali na wachuuzi wanapakia magunia. Nilikuwa na akina mama kama ishirini hivi nawaeleza habari ya kujiunga kwa hiari na NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, maana tangu 2018 sheria ilivyopangwa upya watumishi wa umma wako kwenye mfuko wao wa PSSSF na NSSF imebaki na sekta binafsi pamoja na waliojiajiri. Wengi walikuwa wanaijua CHF tu, ile bima ya afya ya jamii iliyokuwa elfu 30 kwa kaya ya watu sita kwa mwaka. Mama mmoja mtu mzima, magamba yamemng'aria mpaka kwenye kiwiko, akaninyooshea kidole akasema, "Mayu, unatuambia tuchangie. Wewe mwenyewe unachangiwa?"

Nikamjibu kwa kujiamini kabisa, ndiyo mama, kila mwezi, asilimia 20 ya mshahara, kumi nakatwa mimi na kumi anaweka mwajiri. Akasema basi tuonyeshe. Nikafungua simu palepale niwaonyeshe michango yangu, na mchango wa mwisho kuingia ulikuwa na zaidi ya mwaka. Nikahesabu mara mbili nikiwa nimesimama mbele yao, miezi 14 haipo. Na slipu zangu za mshahara zote za hiyo miezi zinaonyesha nimekatwa.

Ningeweza kusema mtandao unasumbua. Nikawaambia akina mama hapa pana tatizo, hii pesa imekatwa na haijafika, nitarudi na jibu. Yule mama akaitikia kwa kichwa akarudi kwenye chanja lake, hakusema neno, na ule ukimya wake ndio ulinisukuma kufanya yote yaliyofuata.

Jioni nikawaomba wenzangu kwenye kagrupu ketu ka WhatsApp kila mtu aangalie ya kwake. Wote miezi 14. Mzee wa getini hana simu ya kuperuzi kwa hiyo nikamfuata kesho yake asubuhi, shikamoo mzee, marahaba mwanangu, nikamwambia twende wote ofisi za mfuko tukachukue taarifa yako. Mzee huyu zamani alifanya kazi kiwanda cha minofu ya sangara miaka kadhaa kabla hakijafungwa ndo akaja kwetu, michango yake ya kiwandani na ya kwetu ikihesabiwa pamoja ilikuwa miezi 163. Alikuwa amebakiza miezi saba atimize 60.

Sasa hapa ndo naomba mnielewe vizuri. Pensheni ya uzee ya kila mwezi inataka michango isiyopungua miezi 180, yaani miaka 15. Ukifika umri wa kustaafu ukiwa chini ya hapo unapewa mkupuo mara moja basi, umemalizana na mfuko. Mzee wetu hata kama tungeanza kumlipia kila mwezi kuanzia siku ile, saba ukijumlisha na 163 anaishia 170. Ile miezi 14 iliyokuwa imelala kwetu ndiyo iliyokuwa inamtenganisha na pesa ya kila mwezi maisha yake yote. Alikunja ile karatasi mara nne akaiweka mfuko wa shati, akaniuliza tu, "Mkurugenzi anajua?"

Alikuwa anajua. Mkurugenzi wetu wa wakati ule ndiye aliyenifundisha kazi na nathibitisha hakutia hata senti mfukoni kwake. Awamu ya mfadhili ilichelewa, kodi ya ofisi inadaiwa, mafuta ya gari, akasema michango tutaipeleka awamu ikiingia, awamu ikaingia shimo likawa limeshakua, mwezi wa pili wa tatu hivo hivo, mpaka ikawa ni jambo la kawaida ambalo yeye na mhasibu hawaliongelei. Alijiuzulu wiki ile, bodi wakaniweka mimi kuwa kaimu.

Chanzo nilikikuta kwenye bajeti, na hapa watu wa asasi naomba mpatazame kwenu. Tulikuwa tunaomba fedha za mradi tunaandika mishahara, mafuta, kumbi, posho, lakini ile asilimia 10 ya mwajiri haikuwa na fungu lake popote, inategemewa itoke kwenye gharama za uendeshaji ambazo mfadhili anazibana. WCF, ule mfuko wa fidia kwa wafanyakazi wanaoumia kazini, nako ni vilevile, na huko mwajiri ndiye analipa peke yake, mfanyakazi hakatwi kitu, kwa hiyo hakuna hata slipu ya kumkumbusha mtu. Yaani asasi inayofundisha hifadhi ya jamii haikuwa na fungu la hifadhi ya jamii, na maandiko hayo nilishiriki kuyaandika mimi. Sikuona.

Nadhani pia kelele za kikokotoo, ile kanuni ya kukokotoa mafao ya mstaafu, zilituziba macho. Tangu ile 2018 mpaka Rais Magufuli akaagiza Desemba kanuni mpya zisubiri hadi 2023, kila semina swali lilikuwa mkupuo asilimia ngapi, mkupuo asilimia ngapi. Ni swali la haki, ila swali la kwanza la mfanyakazi lingekuwa je mchango wangu wa mwezi uliopita umefika, na hilo tulikuwa hatumfundishi mtu.

Kikao cha bodi niliingia na karatasi moja tu. Mishahara ya mwezi milioni 6.2, asilimia 20 ni milioni 1.24, mara 14 ni milioni 17.36, bado tozo ya kuchelewesha. Chini yake nikaweka mstari mmoja, mzee wa getini ana 163. Mjumbe mmoja, mtu mzuri tu ambaye ametusaidia sana, akapendekeza nusu ya deni turudishe kwa wafanyakazi wakatwe kidogokidogo, maana asilimia 10 kisheria ni yao. Nikatoa slipu nikazipanga mezani moja moja, za kila mtu, nikamwambia mjumbe yule, hawa wameshakatwa, tukiwakata tena tutakuwa tumewachukulia mara mbili. Akazisoma zote, ilichukua muda. Kisha akavua miwani akasema basi tutafute mali tuuze.

Tuliuza pikapu. Mradi wake ulishaisha na umiliki ulikuwa umehamia kwetu, tulipata milioni 11. Kabla sijasaini mauzo nilienda mwenyewe ofisi za mfuko na barua, nikasema sisi tunadaiwa, hii hapa orodha ya majina na miezi, tunaomba tulipe kwa awamu. Nilikuwa naogopa sana kuingia pale. Lakini ukienda kabla hujafuatwa mnaongea kama watu wanaotafuta njia, tukaandikishana. Pesa ya gari ikalipa miezi minane ya zamani zaidi na chenji ikaingia kwenye tozo, iliyobaki sita tukakubaliana miwili kila mwezi juu ya ule wa kawaida.

Hiyo milioni 2.48 ya ziada kila mwezi kwa miezi mitatu ndio iliyotutoa jasho. Tulihama ofisi tukaenda Pasiansi vyumba vitatu, bodi wakaacha posho za vikao wao wenyewe bila kuombwa, semina za hotelini nikafuta zote tukawa tunakaa mwaloni kwenyewe chini ya mti kwenye mabenchi ya mama ntilie, na mahudhurio yakawa mazuri kuliko ya hotelini. Wafadhili niliwaandikia ukweli wote, mmoja alikasirika akasitisha kwanza, mwingine akaruhusu tuhamishe sehemu ya fedha za kumbi. Dereva wetu aliacha kazi kwa sababu ya gari kuuzwa, hilo bado linaniuma, alipata kazi kwenye malori baadaye lakini aliondoka hajaniaga.

Wakati huo usiku nilikuwa nasoma sana, natafuta watu wa kazi kama yetu kwingine wanajipangaje. Nikakuta kule Marekani kuna jumuiya ya wataalamu wa bima ya jamii, National Academy of Social Insurance, ilianzishwa 1986 na Robert Ball, mzee aliyewahi kuwa kamishna wa Social Security, hifadhi ya jamii ya serikali yao, kuanzia 1962 hadi 1973. Kilichonigusa ni kwamba nguvu yao ni wanachama, wachumi, wanasheria, watu wa mifuko, wanaochangia utaalamu wao, kisha ndo wanakuja watumishi wa ofisini. Sisi tulikuwa tumekaa kinyume, kila kitu kimebebwa na mkurugenzi na mhasibu na hakuna mwenye ujuzi anayechungulia. Nikatafuta mstaafu mmoja aliyefanya kazi ya mafao miaka mingi, mwanasheria kijana na muuguzi, wanakuja mara moja kwa mwezi bila malipo, chai na maandazi tu. Na kwenye bodi tukaomba nafasi moja iende kwa mama mmoja wa dagaa. Alichaguliwa na wenzake wa mwaloni, na ndiye anayeuliza maswali magumu kuliko wote.

Utaratibu wenyewe tulioweka ni huu, michango inalipwa kabla ya mshahara kuingia. Dada wa uhasibu aliyekuja baada ya yule wa kwanza alinipinga, akasema bosi hela zikiwa kidogo watu watakosa mshahara mzima. Nikamwambia afadhali wakose mshahara wanajua wamekosa, watadai, watanipigia kelele mimi hapa, kuliko wakose uzee wao hawajui. Kontrol namba ikishalipwa risiti inabandikwa ukutani karibu na jiko la chai, na kila kikao cha mwezi jambo la kwanza kila mtu anafungua simu yake aone. Tukajiwekea pia kwamba andiko la mradi halitoki ofisini kama fungu la NSSF na WCF halimo, hata mfadhili akisema halikubaliki, basi mradi huo hatuuchukui. Tumeshaacha mmoja kwa sababu hiyo.

Mzee hesabu yake ilifika 182 ikiwa imebaki miezi miwili atimize 60. Nilimsomea mwenyewe getini. Akatoa ile karatasi ya kwanza mfukoni, imechakaa kwenye mikunjo, akaomba nimwandikie 182 kwa kalamu pembeni ya 163. Sasa hivi yuko kwao Ukerewe, pensheni inaingia, akinipigia simu anaanza na mwangaluka kisha ananitajia tarehe iliyoingia.

Kuna kitu kingine napenda kuwaambia watu kwenye semina siku hizi. Lile jiwe letu la pale Kamanga ambalo kila mgeni anapiga nalo picha, Jiwe la Bismarck, ni jina la yule yule Otto von Bismarck wa Ujerumani ambaye serikali yake ilileta bima ya ugonjwa 1883, ya ajali kazini 1884, na pensheni ya uzee na ulemavu 1889. Wakati huo huo watu wake walikuwa wanatutawala kwa mabavu huku, na mfanyakazi wa Kiafrika hakuwamo kwenye hiyo pensheni. Nikisimama mwaloni naona lile jiwe kichwani mwangu, nawaambia akina mama jina lake limekaa ziwani kwetu miaka zaidi ya mia, pensheni ndo bado haijawafikia nyie.

Mwaloni nilirudi kama nilivyoahidi, japo ilichukua miezi sita. Yule mama nilimkuta anageuza dagaa na reki. Nikamwamkia, nikampa simu aishike mwenyewe. Hakuharakisha, alipandisha kidole mwezi kwa mwezi anasoma kwa sauti ya chini, Januari ipo, Februari ipo, mpaka akamaliza yote 14 na ya mbele yake. Akanirudishia simu akaifuta magamba kwa khanga yake.

Akaniuliza kama ni lazima kuchangia kila tarehe moja. Maana wao pesa yao inafuata giza, mbalamwezi ikiwa kubwa mitumbwi hailali ziwani, dagaa hawavutwi na taa, zile siku hakuna hela hata ya sabuni. Hilo swali ndilo tunalolifanyia kazi sasa hivi, tunaandika pendekezo watu wa dagaa waweze kulipa kufuatana na giza badala ya tarehe za ofisini, na yeye na wenzake ndio wanaotupa hesabu za siku. Nikamwambia kwa sasa walipe pale wanapopata, nitawafuatilia wasipitilize mwezi.

Akaangalia juu kana kwamba mwezi uko pale mchana. "Siku tisa giza linaingia," akasema. "Njoo siku ya kumi na mbili, uje na fomu kumi."