Raheli Alimfia Njiani: Tafakari ya Mwezi wa Marehemu

Tumsifu Yesu Kristo, ndugu wapendwa.

Tumeingia Novemba, mwezi ambao Kanisa limeutenga kwa ajili ya kuwaombea marehemu wetu. Wiki hii naomba tukae kidogo na mzee Yakobo akiwa kitandani kule Misri, katika sura ya 48 ya kitabu cha Mwanzo. Mzee amefikisha miaka 147, macho yamefifia, na Yusufu ameambiwa kwamba baba hajiwezi. Anakuja na wanawe wawili, Manase na Efraimu, wapate baraka ya babu yao. Yakobo anajikaza, anaketi, anaanza kusema mambo mazito: ahadi ya Mungu kule Luzu, nchi ya Kanaani, na jinsi wajukuu hawa wawili watakavyohesabiwa kama wanawe wa kuwazaa mwenyewe, sawa na Reubeni na Simeoni. Ni kikao cha urithi kabisa. Halafu, katikati ya hayo, bila kuulizwa na mtu, anasema kwamba alipokuwa akirudi kutoka Padani, mkewe Raheli alimfia njiani, wakiwa wamebakiza mwendo mfupi tu kufika Efrata, akamzika palepale kando ya njia.

Baada ya hapo anawatazama wale vijana na kuuliza, hawa ni nani?

Wafafanuzi wa Maandiko wametafuta sababu ya aya hiyo kukaa hapo, na zipo sababu nzuri zinazohusu makabila na urithi. Lakini aliyewahi kuuguza mzee hahitaji maelezo mengi. Yusufu, aliyekuwa mtoto siku mama yake alipofariki, sasa ni mtu mzima wa miaka zaidi ya 50, mkubwa katika serikali ya Farao. Yakobo amepita njaa, amepita uongo wa wanawe, amepita uhamisho wa ukoo mzima. Na bado, akitazama uso wa mwana wa Raheli, anarudi kwenye ile barabara. Anakumbuka hata walikuwa wamebakiza umbali gani.

Naleta habari hii kwa sababu ya neno tunalowaambia wafiwa kila siku: “Pole, utazoea, muda utaponya.” Tunalisema kwa nia njema, kwenye turubai, tukiwa na sahani ya pilau mkononi, na wengi wetu hatuna lingine la kusema. Lakini Biblia haimwambii Yakobo kwamba angepaswa kuwa ameshasahau. Haimkemei. Inaiandika huzuni yake ya miaka mingi pamoja na baraka yake, katika pumzi moja. Mtume Paulo naye, anapowaandikia Wathesalonike, hawakatazi kulia; anawaomba wasihuzunike kama watu wasio na matumaini. Na Bwana wetu mwenyewe alilia kwenye kaburi la Lazaro, huku akijua kwamba muda mfupi ujao atamwita atoke.

Kwa hiyo ndugu yangu ambaye mume wako amefariki miaka mingi iliyopita na bado kuna asubuhi unaamka ukiwa mzito, usijione kama mtu mwenye imani haba.

Lipo pia jambo la upande wa pili, ambalo watu hawalisemi hadharani, ila wanalileta kwa sauti ya chini baada ya sala ya jumuiya. Ni hofu ya kusahau. Mtu anagundua jioni kwamba siku nzima imepita hajamfikiria mama yake hata mara moja, na anaona kama amemsaliti. Kwangu mimi iliyoanza kuondoka ni sauti. Sura ya mama ninayo, picha zipo. Namna alivyokuwa akishika kisu akimenya ndizi za mtori, akiigeuza ndizi badala ya kugeuza kisu, hiyo naiona waziwazi. Lakini sauti yake, ule mwito wake wa kutuita kutoka kisimani, nikiutafuta siupati tena kama ulivyokuwa. Mwanzoni lilinitisha sana. Nilidhani kwamba ikiisha sauti na yeye anazidi kuisha.

Hapa ndipo imani yetu ina neno la kusema, na ni neno kubwa kuliko “muda utaponya.” Marehemu wetu hawashikiliwi na kumbukumbu zetu. Kama wangekuwa wanaishi kwa sababu tunawakumbuka, basi wangekufa mara ya pili sisi tukizeeka, na mara ya tatu wajukuu wetu wakihamia mjini. Mungu anasema kwa kinywa cha Isaya kwamba hata mama aweza kumsahau mtoto anyonyaye, “lakini mimi sitakusahau wewe,” na kwamba ametuchora katika viganja vya mikono yake. Anakubali wazi kwamba binadamu husahau, hata yule mwenye upendo kuliko wote. Hatuwekei mzigo ambao hatuwezi kuubeba.

Rudini tena kwa Yakobo. Alipokufa, wanawe walimrudisha Kanaani wakamzika katika pango la Makpela, lile ambalo Ibrahimu alilinunua kwa Efroni Mhiti kwa shekeli 400 za fedha ili amzike Sara. Humo wamo Ibrahimu na Sara, Isaka na Rebeka, na Lea. Raheli amebaki kule njiani peke yake, na nguzo aliyosimamishiwa na mumewe. Karne nyingi zinapita. Utumwa wa Misri, safari ya jangwani, wafalme, uhamisho wa Babeli, Waajemi, Wagiriki, Warumi. Ndipo Masadukayo wanamjia Yesu Hekaluni wakiufanyia mzaha ufufuko, naye anawajibu kwa kutaja majina: Mungu wa Ibrahimu, Mungu wa Isaka, Mungu wa Yakobo. Halafu anaongeza kwamba yeye si Mungu wa wafu bali wa walio hai, kwa maana kwake wote wanaishi (Lk 20:37-38). Yule mzee aliyekuwa akimlilia Raheli, ambaye kwetu ni mtu wa zamani za kale, Yesu anamzungumzia kama mtu aliyepo. Zaburi ya 90 inasema miaka elfu machoni pa Mungu ni kama siku ya jana iliyokwisha kupita. Tumezoea kuisoma aya hiyo kama onyo juu ya ufupi wa maisha yetu, na ni kweli ni onyo. Kwa mfiwa, hata hivyo, ni faraja pia: mama yangu hayuko mbali na Mungu kwa idadi ya miaka niliyokaa bila yeye.

Ndiyo maana Kanisa halituambii tu “wakumbukeni marehemu.” Linatufundisha kumwambia Mungu awakumbuke. Sikilizeni vizuri Sala ya Ekaristi Jumapili hii. Padre anapofika mahali pa marehemu, katika ile Sala ya Kwanza ya Ekaristi, anatulia kidogo ili majina yatajwe, mengine kwa sauti na mengine moyoni. Ni kitambo kifupi sana, na mara nyingi tunakipoteza kwa kukohoa na kuwatuliza watoto. Kitumieni.

Sala hii ni ya kale. Yuda Makabayo, baada ya vita, alikusanya drakma 2,000 za fedha akazipeleka Yerusalemu itolewe sadaka kwa ajili ya askari wake waliouawa, na Maandiko yanamsifu kwa sababu alikuwa akiuwaza ufufuko (2 Mak 12). Siku yenyewe ya tarehe 2 Novemba ilianzia kwenye monasteri ya Cluny, Ufaransa, mwishoni mwa karne ya 10, chini ya abate Odilo, ikaenea. Mwaka 1915, vita vikuu vikiwa vinawamaliza vijana wa Ulaya, Papa Benedikto XV aliruhusu kila padre aadhimishe Misa tatu siku hiyo. Wengi wa waliokufa hawakuwa na kaburi linalojulikana, wala ndugu wa karibu wa kusimama juu yake.

Anayenigusa kuliko wote ni Mtakatifu Monika, mwanamke wa Afrika ya Kaskazini, mama yake Agostino. Maisha yake yote alikuwa na hamu ya kuzikwa nyumbani, karibu na mumewe, na alishajiandalia mahali. Mwaka 387 homa ikamkuta Ostia, Italia, akiwa anasubiri meli ya kurudi. Mwanawe mmoja akasikitika kwamba mama atafia ugenini. Monika akawaambia wauzike mwili popote, wasisumbuke. Jambo moja tu aliwaomba, wamkumbuke kwenye altare ya Bwana popote watakapokuwa. Nawaza familia ngapi zetu zimegawanyika juu ya kusafirisha mwili, nani alipe gari, azikwe mjini au kihambani, yaani kwenye shamba la ukoo, kwa upande wa mume au kwao alikozaliwa. Sisemi mahali pa kaburi si kitu, Yakobo mwenyewe alimwapisha Yusufu juu ya hilo. Nasema kwamba tunagharimia safari ya jeneza kwa mamilioni, na mwaka unaofuata hakuna hata mmoja anayemwekea marehemu nia ya Misa. Hilo linaniuma.

Linaniuma pia lile linalotokea baada ya arobaini. Kikao cha ukoo kinaitishwa, hati za shamba zinatolewa, na ndugu waliobeba jeneza pamoja wanatoka pale hawasalimiani. Mwanzo inataja, karibu kwa kupita tu, kwamba Ibrahimu alizikwa na Isaka na Ishmaeli, na Isaka akazikwa na Esau na Yakobo. Hawa ni ndugu waliokuwa na kila sababu ya kukaa mbali. Mmoja alifukuzwa pamoja na mama yake, wakaenda jangwani. Mwingine aliibiwa baraka akaapa kuua. Wakakutana kwenye kaburi la baba. Kama kuna kaburi ambalo wewe na ndugu yako hamjawahi kusimama mbele yake pamoja tangu mirathi, Novemba hii mpigie simu. Usianze na habari ya shamba.

Na tuwapeleke watoto. Kwetu Uchagani makaburi yapo migombani, karibu na nyumba, na watoto wanacheza juu yake bila kujua ni ya nani. Lipo moja kwetu ambalo fundi aliandika jina kwa msumari saruji ikiwa mbichi, herufi moja imegeuka, na penye mwaka wa kuzaliwa pana alama ya kuuliza, kwa sababu bibi hakuujua mwaka wake. Watoto walipouliza ni nani, niliona kwamba kuwaambia “alikuwa mcha Mungu” hakukuwafikia. Nilipowaambia kwamba ndiye aliyeuza mbuzi wake wa pekee ili babu yao aende shule, wakataka kujua mbuzi alikuwa wa rangi gani.

Kuanzia tarehe 1 hadi 8 Novemba, mwamini anayetembelea makaburi na kuwaombea marehemu, akiwa amepokea kitubio na komunyo, na kusali kwa nia za Baba Mtakatifu, huku akikataa moyoni kila dhambi, anaweza kuwapatia roho za toharani rehema kamili, yaani kuondolewa adhabu yote ya dhambi iliyobaki. Jumamosi tunakutana makaburini baada ya Misa ya asubuhi. Njooni na majembe, fyekeo na mishumaa. Orodha ya majina ipo kwa katibu wa jumuiya. Andikeni na jina la yule ambaye hamkupatana naye kabla hajaondoka, na la yeyote mnayemjua ambaye hana tena mtu wa kumwandika.

Raha ya milele uwape, ee Bwana, na mwanga wa milele uwaangazie. Wapumzike kwa amani. Amina.