Siku Moja ya "Mwalimu wa Usingizi"

Mtaani kwetu Langoni, Lamu, hilo ndilo jina langu. Nafundisha wanamichezo kutuliza akili. Mpita njia akiona vijana wamekaa chini wamefumba macho, anaamini nalipwa kulaza watu.

Saa kumi na moja alfajiri nimeshaswali, nashika njia ya ufuoni kwenda Shela. Maji yamejaa, kwa hiyo viatu mkononi.

Saa kumi na mbili nawakuta mabaharia sita wa mashua ya mashindano. Kabla ya kupandisha tanga tunakaa mchangani dakika kumi: vuta pumzi kwa hesabu ya nne, itoe kwa hesabu ya sita. Pumzi ikitoka polepole, mapigo ya moyo hushuka. Hilo ni jepesi. Kazi iko kwenye kurudi. Akili itatoroka, itakwenda kwenye deni la duka, itakwenda kwa mchumba. Usigombane nayo, irudishe tu kwenye pumzi, hata mara hamsini. Huko kurudisha ndiko zoezi lenyewe, kama kunyanyua chuma. Mashua haishindwi kwa sababu imebisha, yaani imegeuka kukata upepo, vibaya mara moja. Inashindwa kwa sababu mabaharia wanalaumiana juu ya bisho hilo mpaka mwisho wa mbio.

Nilipomwambia nahodha kwamba mwaka 1984 Jon Kabat-Zinn, mwalimu Mmarekani wa kutuliza akili, aliwafundisha mambo haya wapiga makasia wa timu ya Olimpiki ya Marekani, alicheka. "Makasia si tanga, mwanangu. Makasia hayana upepo wa kukudanganya." Sikuwa na jibu. Mzee huyu husikiliza tanga kwa makini kuliko ninavyosikiliza mimi pumzi yangu, na hajawahi kuhudhuria somo la mtu.

Saa tatu, mahamri na mbaazi. Mpaka adhuhuri, simu za kudai pesa zangu.

Saa tisa niko uwanjani, kama nilivyoambiwa na meneja wa timu moja ya mpira. Saa kumi hakuna mtu. Saa kumi na nusu wanatokea, jua limenichoma kisogo, naye anafika mwisho akiongea na simu.

"Maalim, fanya ile yako haraka, kesho tuna mechi."

Ile yangu! Nikamweleza kwamba haya ni mazoezi ya wiki na wiki, kama mbio. Akaniuliza kwa sauti ya chini kama sina kitu cha kumfunga kipa mkononi, maana amefungwa penalti mbili mfululizo. Nikamwambia mimi si mganga. Basi ni ibada ya Kihindi? Si ibada, bwana, ni pumzi. Nikamtolea mfano wa Chicago Bulls, timu ya mpira wa kikapu ya Marekani: mwaka 1993 kocha Phil Jackson alimleta George Mumford, mwalimu wa kazi kama yangu, awakalishe wachezaji kimya. "Na Jordan alikaa?" Michael Jordan, nyota wao, alikuwa ameacha mpira wa kikapu mwaka huo. Aliporudi mwaka 1995 aliwakuta wenzake wanakaa, naye akakaa. Hapo meneja akaridhika, akawaamuru vijana wakae. Dakika ya tatu simu yake ikalia kwa taarabu, sauti ya juu kabisa, na akapokea palepale.

Nilitamani kumrushia kiatu. Nikahesabu nne, nikahesabu sita.

Wenzake walipoondoka, kipa alibaki. Akaniambia hawezi kufumba macho, akifumba tu anauona mpira unaingia kushoto. Basi tuache wazi, nikamwambia, nani kasema lazima? Sikia nyayo zako kwenye nyasi. Sikia glavu zilivyobana vidole. Sasa utazame mpira, huu wa leo. Nikampigia penalti kwa miguu yangu hii ya uzee mpaka jua likazama. Alidaka moja, labda kwa sababu niliipiga vibaya, lakini kila alipofungwa aliangalia nyayo zake, akarudi mstarini bila kutukana mtu. Hayo meneja hakuyaona. Alikuwa ameshaondoka, na ujumbe wake ulinikuta njiani: malipo mwezi ujao, inshallah.

Sijui ilikuwa saa ngapi nilipofika nyumbani. Nimejinyoosha barazani, mgongo unauma, simu ikaita. Kipa.

"Maalim, samahani. Usingizi umekataa kabisa. Huna ile ya kulala?"

Nikamrekodia dakika nane.